Pipa, Saa na Kifua cha Mpiga Zumari

Katikati ya miaka ya hamsini nilikaa Msambweni miezi kadhaa, na kwangu mimi huko kulikuwa ni kukaa sana. Shule niliiacha darasa la nne huko Matuga. Mwalimu hakunifukuza wala karo haikukosekana. Barabara ilipita mbele ya dirisha, basi. Tangu hapo nilikuwa nimechoma chokaa, nimepakia mbata, nimechunga mbuzi wa watu huko bara ya Kinango, na kila mahali niliondoka nilipokwisha kuelewa kazi inavyofanyika. Msambweni nilichelewa kuondoka kwa sababu ya vyombo viwili vya kupimia pumzi.

Palikuwa na kiwanda kidogo cha usumba kando ya njia kuu. Makumbi ya nazi yaliyokwisha kuoza katika maji ya chumvi yaliletwa hapo, yakapitishwa kwenye mashine yenye meno ya chuma, na upande wa pili zikatoka nyuzi za kusokotea kamba na kujazia magodoro. Kati ya kumbi na uzi lilitoka vumbi la rangi ya kahawa. Liliingia kwenye nywele, kwenye chai, na kwenye vifua. Watu wa chumba cha mashine walikohoa mpaka wenye kiwanda wakakubali daktari aje awapime. Masharti yalitangazwa mbele ya wote: atakayeonekana pumzi yake imepungua ataondolewa vumbini na kupewa kazi nyingine, aliye mzima ataendelea.

Daktari alikuwa Mhindi kijana, mzaliwa wa Mombasa, mwenye Kiswahili kizuri kuliko changu. Alishusha vyombo vyake chini ya banda la makuti lisilo na kuta, pembeni ya kiwanda, akauliza nani hana kazi. Nilikuwa nimesimama hapo nikimtazama. Akanipa ndoo nichote maji.

Maji yalikuwa ya chombo cha kwanza. Kilikuwa na mapipa mawili ya bati. La nje lilijazwa maji. La ndani, jepesi, lilifudikizwa, mdomo chini, juu ya maji hayo na kuning'inizwa kwa mnyororo uliopita juu ya kigurudumu hadi kwenye kipande cha risasi kilichosawazisha uzito wake. Mtu alipuliza katika mpira mnene. Pumzi yake iliingia chini ya pipa lililofudikizwa, ikaliinua, na kalamu iliyofungwa kwenye mnyororo ikachora mstari kwenye karatasi. Wafanyakazi walikiita pipa.

Chombo cha pili kilienea kiganjani. Kilikuwa cha shaba, na uso wa kioo wenye akrabu moja, kwa hiyo kikaitwa saa. Ndani yake mlikuwa na feni ndogo ya mapanga membamba kama mbawa za panzi. Ukipuliza, feni ilizunguka na akrabu ikatembea juu ya alama.

Daktari alikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Kazi ya kiwanda ilikuwa kuwapima watu. Kazi yake mwenyewe ilikuwa kuvipima vipimo. Pipa lilikuwa la kweli lakini halibebeki. Saa ilibebeka lakini hakuna aliyejua ukweli wake. Alitaka kujua kama angeweza siku moja kwenda Munje au Vanga kwa baiskeli, saa ikiwa mfukoni, na kuamini atakachokisoma. Kwa hiyo kila mtu alipuliza pipa, akapumzika, akapuliza saa.

"Katika shauri hili," alisema, "saa ndiyo mshtakiwa, pipa ndilo hakimu."

Kabla ya watu kuanza tulivijaribu vyombo bila watu. Tulichukua kopo kubwa la samli, tukalitoboa kitako, tukachomeka mpira kwenye tundu na kuziba kwa nta. Nililifudikiza kopo hilo ndani ya tangi la maji na kulikandamiza, na hewa yote iliyokuwamo ikatoka kupitia mpira. Pipa lilipanda mpaka alama ile ile, niwe nimekandamiza haraka au polepole. Saa ilikuwa na tabia. Nikikandamiza kwa kishindo, akrabu iliendelea kutembea kidogo hata hewa ilipokwisha, kama baiskeli iliyoachwa kukanyagwa. Nikikandamiza taratibu, hewa ilipenya kati ya mapanga bila kuyasukuma, na akrabu ikasimama mapema. Nililirudia jaribio hilo mara nyingi kuliko daktari alivyohitaji. Hakunizuia.

Wafanyakazi waliposikia wakaeleza kwa njia yao. Kila mmoja wao alijua kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka nafaka ikafanya kilima, na kibaba cha mfuto, kilichopanguswa kwa ubao.

"Saa hii ni mwenye duka," alisema mpakizi mmoja, Mduruma mrefu mwenye mdomo mwepesi. "Ukiingia kwa kishindo anakuogopa, anakupimia tele. Ukiingia unaona haya, anakufuta."

"Na pipa?" nilimwuliza.

"Pipa ni kadhi."

Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tarakimu za daktari. Waliuliza vibaba. Mtu mzima mwenye kifua kizuri alikaribia vibaba vinne vya pipa, yaani pishi, au alivuka kidogo. Mimi ndiye niliyekadiria, na daktari aliniacha niendelee, kwa kuwa makadirio hayakwenda kwenye karatasi zake.

Kulikuwa na kitu cha tatu, kibanio cha chuma chenye vipande vya pamba, cha kubania pua ili pumzi isipite huko. Wa kwanza kuwekewa alikuwa mzee wa Munje aliyefagia chumba cha mashine. Alikivua, akakiweka mezani kwa adabu.

"Daktari, mimi bado."

"Bado nini, mzee wangu?"

"Bado sijafa. Pamba puani hutiwa maiti."

Foleni nzima ikaitikia. Kwetu mtu akishaoshwa hutiwa pamba puani kabla ya kuvikwa sanda, na hakuna aliyekuwa tayari kufanyiwa hivyo akiwa amesimama kwenye mstari wa kazi. Hata wale watu wa bara ambao hawakuwa Waislamu walikikataa. Yule Mduruma alisema kama wenyeji wanakiogopa, yeye mgeni ni nani akivae. Daktari alikiangalia kibanio, akaiangalia foleni iliyoanza kupungua, akakitia sandukuni. Aliniambia mtu akipuliza kwa nguvu zake zote pumzi hutoka mdomoni tu. Pua haina la kufanya. Kwa karibu watu wote alisema kweli.

Siku ya tatu au ya nne ikafika zamu ya mpiga zumari.

Alikuwa mtu wa makamo, mlishaji wa mashine, yule anayesukuma makumbi mdomoni mwa meno ya chuma na kupokea vumbi lote usoni. Kuanzia Gazi mpaka Munje arusi haikuitwa arusi kama zumari yake haikulia. Miezi hiyo alikuwa akikohoa kikohozi kirefu kisichotoa kitu. Kutoka kiwandani hadi kwake hapakuwa mbali, lakini alisimama njiani.

"Ukiniona nimesimama," aliniambia wakati mmoja, "usidhani namngoja mtu."

Alitaka kutoka vumbini. Hakuficha. Mkewe alitaka zaidi yake.

Daktari akamwambia kama alivyowaambia wengine: avute pumzi mpaka mwisho, kisha apulize mpaka iishe. Akavuta, akaweka midomo kwenye mpira, akapuliza. Pipa likapanda. Halikuruka kama lilivyofanya kwa vijana. Lilipanda taratibu, bila kusita, kama maji yanayojaa kisimani.

"Kibaba!" alihesabu Mduruma. "Viwili! Vitatu!"

Watu wakasogea.

"Pishi! Pishi na kibaba! Jamani, huyu ameficha mwingine ndani!"

Kalamu ikatoka kwenye karatasi. Ukingo wa pipa ukatokeza juu ya maji, hewa ikabubujika, pipa likapinda upande na kutumwagia maji miguuni. Mpiga zumari alikuwa bado anapuliza.

"Basi, basi!" alisema daktari.

Akaondoa mdomo kwenye mpira, akautazama umati, akacheka. Walimpigia makofi na kumwita Bwana Pishi. Nadhani ilikuwa ni mara ya kwanza kwa muda mrefu kushangiliwa mahali pasipo na ngoma.

Kisha akapuliza saa. Akrabu ikatembea upana wa kidole, ikatetemeka, ikasimama, ingawa mashavu yake yalikuwa bado yamejaa.

"Saa imekufa," alisema mtu.

Niliitikisa saa, nikaipuliza mimi. Ilikuwa hai.

Jioni ile daktari alivikagua vyombo vyote kwa kopo la samli. Vilikuwa kama vilivyokuwa. Kesho yake akamwita mtu yule tena, na mambo yakawa yale yale: pipa lilimfanya jitu, saa ikamfanya mahututi. Akamwekea sikio mgongoni akasikiliza kwa muda.

"Kifua chake kinapiga miluzi," aliniambia baadaye. "Masikio yangu yanakubaliana na saa."

"Basi iandikwe saa."

"Nikiiamini saa kwa mtu mmoja, lazima niiamini kwa wote, na tumeona inavyopunja na kuongeza. Meneja nilimwambia mwenyewe kwamba pipa ndilo hakimu. Atasema nabadilisha hakimu kwa kuwa sikuipenda hukumu."

Hapo palikuwa na shida, na kila mtu aliiona. Kwa pipa, mpiga zumari alikuwa mzima kuliko watu wote wa kiwanda, na mtu mzima alirudi kwenye mashine. Daktari alibakiwa na siku chache kabla ya kurejea Mombasa.

Jumamosi alasiri kulikuwa na arusi Munje, nikaenda, kwa sababu nilikuwa naenda kila mahali. Mpiga zumari alikuwa amekaa kwenye kibao katikati ya ngoma. Nilikuwa nimezisikia zumari tangu utoto bila kuzitazama. Safari hii nilijiweka mbele yake. Wimbo ulikwenda, ukazunguka, ukarudi, wanawake wakacheza raundi baada ya raundi, na sauti haikukatika hata kidogo. Mashavu yake yalikuwa mapira mawili. Kila baada ya muda yalinywea kidogo, na hapo hapo matundu ya pua yakapanuka, kisha mashavu yakajaa tena. Zumari ilikuwa inalia wakati wote huo.

Ngoma zilipopumzika akakohoa sana, akanywa maji. Nikamwamkia, nikakaa kando yake.

"Ami, wewe unavuta pumzi wakati gani?"

"Wakati wote."

"Hata zumari ikilia?"

"Ikinyamaza ili nipumue, si imenyamaza? Nani atacheza kimya?"

Akaagiza bua la jani la papai na bilauri ya maji. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyofundisha: unapuliza kwenye bua, maji yanatoa mapovu, na mapovu hayaruhusiwi kukoma mpaka mwalimu aseme. Akanionyesha. Mapovu yalitoka mfululizo mpaka nikachoka kuyatazama.

"Shavu ndilo mfuko," alisema. "Kifua kikienda kutafuta, shavu linagawa."

Nilijaribu mimi, maji yakanipanda puani, na watoto waliokuwa karibu wakapata cha kucheka kwa siku nzima.

"Na kwenye pipa ulifanya hivi?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama alitumia miguu kutembea.

"Aliniambia nipulize, nikapuliza. Mimi sijui kupuliza kwingine."

"Mbona polepole hivyo?"

"Zumari ukiimwagia pumzi inalia kama bata. Unailisha kama mtoto, kidogo kidogo."

Nilirudi Msambweni kwa miguu nikilipanga jambo hilo kichwani. Pipa halikukosea: lilipokea pumzi kadhaa zilizounganishwa na kuzihesabu kama moja. Saa ilikosea, kwa sababu uzi mwembamba wa hewa ulipita kati ya mapanga yake, lakini kosa lake lilikuwa limeangukia karibu na ukweli kwa bahati. Katika vyombo viwili hakuna hata kimoja kilichokuwa kimepima kifua cha mtu yule.

Nilimwambia daktari Jumatatu asubuhi. Alifikiri kidogo, akaenda sandukuni, akatoa kibanio.

Mpiga zumari alikikataa. Tulimwomba ajibane pua kwa vidole. Kila pipa lilipoanza kusita, vidole vililegea vyenyewe na pipa likapanda tena. Hakufanya kusudi, mwili wake ulikuwa umeshazoea kazi yake. Nilipombana mimi alicheka, pumzi ikamwagika. Daktari akamweleza kwa upole kwamba bila kibanio karatasi itaendelea kusema yeye ni mzima.

"Pamba siitaki," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, akiwa amewapa mgongo wenzake: "Na nikipungua mbele ya hawa, nani atakuja kuniita arusini? Nitakuwa mpiga zumari asiye na pumzi."

Kumpima faraghani hakukuwezekana. Banda halikuwa na kuta, na mwandishi wa meneja alitakiwa aone kila mtu akipuliza.

Siku ya mwisho, saa sita, mkewe alileta chakula kama kawaida. Alikuwa mwanamke mfupi, kanga moja kichwani na nyingine kiunoni. Alimpa mumewe bakuli, halafu akaja bandani moja kwa moja.

"Hujambo, daktari. Mume wangu anatoka vumbini au hatoki?"

"Sijambo, mama. Hatoki, mpaka akubali hiki." Akamwonyesha kibanio.

Akakishika, akakigeuza, akagusa pamba kwa kidole. Mumewe alikuwa amesimama na bakuli lake, watu wa mashine nyuma yake.

"Hiki ndicho kinachokutisha, bwana wewe?"

"Ni pamba ya maiti."

"Naijua. Mama yangu ni mwosha maiti, pamba hizo nimezikata mimi tangu mdogo. Kubali ya daktari leo. Ukikataa, mwakani utaikubali ya mama, wala hutaulizwa."

Yule mzee wa Munje aliangalia chini. Mpiga zumari alimrudishia mkewe bakuli kabla ya kula, akaja akakaa kwenye kiti.

Daktari akambana pua mwenyewe. Akavuta pumzi kwa mdomo, akapuliza. Pipa likapanda taratibu kama siku zile, likafika mahali, likasita. Niliona mashavu yakinywea na matundu ya pua yakihangaika chini ya pamba bila kupata kitu. Aliendelea kusukuma. Mishipa ya shingo ikasimama, machozi yakamtoka. Pipa halikwenda popote. Kalamu ilikuwa imechora mstari mfupi, haukufika vibaba viwili.

Mduruma hakuweza kujizuia.

"Kumbe kibaba, tena cha mfuto!"

"Cha mfuto hicho ndicho kinachonilea watoto," alisema mke. "Wewe mwenye pishi unamlea nani?"

Hapo wakacheka, na waliyemcheka alikuwa Mduruma, ambaye hakuwa ameoa.

Daktari akamtaka apulize saa pia, kibanio kikiwa palepale, na safari hii asiilishe kama zumari. Apulize kama anayezima koroboi iliyo upande wa pili wa ua. Ilimchukua mara tatu kuweza. Mara mbili za kwanza midomo yake ilifanya ubahili. Mara ya tatu alitoa yote kwa mkupuo, akashikwa na kikohozi mpaka akainama. Akrabu ilisimama karibu kabisa na pale pipa lilipokuwa limesimama. Daktari aliziandika alama zote mbili, akaniambia saa atasafiri nayo, lakini kila atakayeipuliza atabanwa pua na ataambiwa habari ya koroboi. Mwandishi wa meneja akachukua karatasi akaenda nayo ofisini.

Jioni ile ile jibu likaja. Aliondolewa kwenye mashine. Nafasi iliyokuwapo ilikuwa kwenye mashimo ya kuroweka makumbi, ufukoni nyuma ya mikoko, mahali penye upepo na harufu ya yai viza. Kazi hiyo tangu zamani ni ya wanawake. Hakuna mwanamume wa pale aliyewahi kuifanya. Alipoambiwa aliuliza kama hakuna nyingine. Akaambiwa hakuna. Akasema sawa.

Daktari alikuwa ameondoka na mimi nilikuwa sijaamua njia, kwa hiyo Jumatatu iliyofuata niliteremka hadi mashimoni kuangalia. Mpiga zumari alifika na suruali imekunjwa juu ya magoti, akitembea pole, na alisimama njiani mara moja tu. Wanawake walimpokea kwa vigelegele vya kumcheka. Mmoja aliyekuwa matopeni mpaka kiunoni akamwuliza kama kwa kifua hicho bado ataweza arusi ya bintiye mwezi ujao, au atafute mwingine.

"Nitaipiga," alisema. "Ngoma zikae karibu nami, na jiko liwe mbali. Moshi siuwezi."

"Jiko litakuwa mbali."

Akavua viatu, akavitungika kwenye mkoko, akauliza aanze na shimo lipi.